Vikombe vya Kabatini

Vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu vilikaa kabatini tangu harusi. Kila Mwanasiti alipovigusa, mumewe alimwambia, “Viache, mke wangu. Siku yake itafika.” Wakanywea chai vikombe vya plastiki mpaka mume akazikwa.

Matanga yalipoanuliwa, akaja mwanamke asiyemjua kutoa pole. Kwa heshima, Mwanasiti akamtolea kikombe cha kabatini.

Mgeni akakitazama, machozi yakamlenga. “Vya namna hiihii alininunulia na mimi. Kila akija kwangu alisema, ‘Vitoe tuvinywee, kesho ni ya nani?’ Vimeshavunjika vyote, dada.”

Mwanasiti akakichukua kile kikombe mkononi mwa mgeni, akamwekea cha plastiki. Kisha akakaa, akajimiminia chai mpaka ikafurika kisahanini.