Macho ya Faki Yamekuja

"Hebu niambie, shoga, macho ya mumeo yakija utajitanda, ama utakaa kichwa wazi?" Bi Time, jirani yake Mwanatumu, aliwahi kumuuliza hivyo, akacheka mpaka akashika kiuno.

Siku ilipowadia, Mwanatumu hakucheka. Sheria inataka kila aliyepandikizwa konea, vile vioo vya mbele ya jicho, za marehemu aje kwa mjane mara moja kwa mwaka, akae kitako, ati macho yasihangaike. Basi Makame, kijana wa mbali aliyepewa za marehemu Faki, akapiga hodi. Mwanatumu alijitanda hadi puani, kwani macho ni ya mume lakini mtu si maharimu wake.

Makame hakuwahi kufika pale. Hata hivyo alitazama juu ya mlango wa chumbani, akauliza, "Ile picha ya Kaaba umeihamishia wapi, mama?"

Picha ile Mwanatumu aliiondoa baada ya maziko ya mumewe.

"Astaghfirullah," alinong'ona, akafunua uso. "Faki, na mimi je, unanijua?"

Macho yakamtulia usoni muda mrefu, hayapepesi, kama ya mtu aliyekosea nyumba. Kisha Makame akavaa viatu vyake, akatoka.