Jina Lililowekwa Rehani

Mfuko wa Elimu haukutaka shamba wala ng'ombe. Ulitaka jina la mwanafunzi, ulitunze mpaka ahitimu.

"Ni miaka minne tu, mzee," alisema karani, akimsogezea binti yetu kinasa sauti. "Mtamwita 'mwanangu'. Kuna shida gani?"

Hatukuona shida. Binti yetu alilitamka mara ya mwisho, na papo hapo likafutika midomoni mwetu sote. Hata hapa siwezi kuliandika. Kesho yake akaenda kusomea udaktari.

Wapumbavu sisi. Kwetu sisi Wataita, binti hupewa jina la nyanya yake, na mama yangu alikuwa hai, chumba cha pili, akichambua mboga.

Alipoacha kuitika tulidhani ni masikio. Kisha akaanza kubisha hodi kabla ya kuingia jikoni mwake. Siku moja alimuuliza mke wangu, Wakesho, kwa adabu sana, kama mwenye nyumba hatachukia akikaa kidogo.

Jana binti yetu alipiga simu. "Ni mimi," alisema, maana hana zaidi ya hilo. "Nimefaulu mwaka wa kwanza, Baba! Nyanya hajambo?"

"Hajambo," nilijibu.

Mama alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, kama watu wanaosubiri daktari. Nilipokata simu alinigusa mkono.

"Bwana, wakianza kuita majina, unishtue," alisema. "Langu nitalijua nikilisikia."