Mkono Juu ya Boksi

Amplifaya aliyoiunda Makame ilivuma kama mzinga wa nyuki. Mkewe Sikudhani, hedifoni masikioni akisikiliza wimbo, alikunja uso. Hamdu, jirani aliyekuja kutazama tu, akaweka mkono juu ya boksi la chuma la amplifaya hiyo.

"Mvumo umekoma!" Sikudhani akacheka. "Usiutoe mkono, shemeji." Akafumba macho.

Makame akachungulia ndani ya boksi. Kumbe alikuwa amesahau waya wa ethi, ule wa kuupeleka mvumo ardhini kama ulivyofanya mkono wa Hamdu! Akaulehemu upesi kwenye boksi, hadi akajiunguza kidole.

"Basi, Hamdu. Toa mkono."

Hamdu akautoa.

"Mvumo umerudi," alisema Sikudhani bila kufumbua macho.

Makame akamvua hedifoni, akazivaa mwenyewe. Wimbo ulikuwa safi kama maji ya mtungi. Mvumo hakuna hata chembe.

Alipoinua uso, mkono wa Hamdu ulikuwa umesharudi juu ya boksi, asijue ni waya au ni mkono ule uliouzima mvumo.