Mlio Juu ya Bwawa

Sture alikuwa akisafisha bunduki juu ya meza ya jikoni, palepale pa kunywea kahawa, na hilo peke yake lilitosha kumkera mkewe.

"Msimu wa bata bado," Majvor alisema. "Hiyo unamwandalia nani?"

"Mwenyewe anajijua."

Majvor aliketi, akashika taya. Tangu alfajiri lilikuwa likimvuta, na mgongo nao haukumpa usingizi. Jino tu, alisema. Sture alimwambia aende kwa daktari wa meno, kisha akarudi kwenye mtutu wake.

Mlengwa alijulikana kijiji kizima. Joakim, jirani wa ng'ambo ya bwawa, alihamia kutoka mjini na mkewe Annelie, na katika mizigo yao ilikuwamo droni, kindege cha kamera kisicho na rubani. Joakim alidai anairusha kutafuta watoto wa paa waliojificha majanini, asije akawafyeka kwa mashine ya kukatia majani. Sture hakuliamini hilo hata chembe. Kwake kile kidude kilikuwa jicho, na jicho lile lilichungulia ua wake, banda lake, hata mkewe akianika nguo. Mwezi Juni alifyatua risasi moja hewani kumwonya. Polisi walikuja, wakakaribishwa kahawa, wakamwambia kwa upole kwamba akirudia watachukua silaha zake zote.

Polisi hakuwaogopa. Alichoogopa ni maneno ya Majvor baada ya gari lao kuondoka.

"Ukipiga tena, Sture, mimi nahamia kwa dada yangu kule mjini Borås. Sitanii. Siwezi kuzeekea vitani."

Na Majvor hakuwa mtu wa kutishia nyau. Sture alijua kwamba bila yeye nyumba ile ingebaki kuta na baridi. Alimpenda sana, ingawa kulitamka hilo kulimshinda miaka yote ya ndoa yao.

"Jana redioni," Majvor akaanza, "walisema hizi droni siku hizi hata wakubwa wa mjini wana—"

"Sitaki kulisikia neno hilo humu ndani!"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa." Akainuka polepole, akasimama kidogo kuvuta pumzi, akachukua kikapu kilichofunikwa kitambaa. "Naenda kutafuta uyoga."

"Na jino lako?"

"Litaniua? Wewe kaa na mkeo huyo wa chuma."

Kikapu kilinukia iliki. Uyoga wa iliki Sture hakuwahi kuuona tangu azaliwe, ila hakuuliza. Alishazoea kwamba mkewe ana mambo yake.

Alipomaliza kazi alitoka na bunduki mpaka kwenye benchi la ukingoni mwa bwawa. Palikuwa kimya kuliko ilivyopaswa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya misonobari, na maji yalikuwa meusi. Sture alihisi kitu kibaya kinakuja, na hakuwa na shaka kinatoka kwa nani.

Ndipo akausikia mlio.

Ulikuwa mzito kuliko wa siku zote, tena ulitoka upande wa mjini, siyo kwa Joakim. Sture akajipa jibu upesi: mshenzi yule amenunua kubwa zaidi, na sasa anaizungusha mbali ili asijulikane. Droni ikachomoza juu ya miti, ikija moja kwa moja na kwa kasi. Chini yake palikuwa na kisanduku. Kamera ya ukubwa ule ingemhesabia mtu meno akiwa amefumba mdomo.

Akainua bunduki. Akamkumbuka Majvor na Borås, akaishusha. Haki ya Mungu, alikuwa ameamua kuiacha ipite.

Lakini ilipofika juu ya bwawa ikapunguza mwendo, ikatulia hewani mbele yake, taa yake nyekundu ikimkonyeza. Sture aliona anadharauliwa kwake, mchana kweupe. Mkono ukatangulia akili.

Alipiga mara mbili. Droni ikaenda upande, ikazunguka, ikaanguka na kisanduku chake. Bwawa likaimeza yote.

Kwanza alicheka peke yake. Kisha hofu ikamwingia: je, Majvor amesikia? Uyoga uko mbali, ndani kabisa ya msitu, alijifariji. Akaokota maganda ya risasi, akayatupa majini, akasukuma bunduki chini ya benchi. Hakuna aliyeona. Leo atamkaangia mkewe huo uyoga kwa mikono yake mwenyewe, na kesho atampeleka kwa daktari wa meno. Huenda hata angemwambia lile neno lililomshinda.

Alipoinua macho alimwona Joakim akija mbio kandokando ya bwawa, na soksi tupu miguuni, simu sikioni. Sture akakunja ngumi. Ila Joakim hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akitazama juu.

"Mzee Sture! Umeiona droni?"

"Droni gani? Mambo yako usiniulize mimi."

"Siyo yangu! Ni ya huduma ya dharura, inatuletea mashine ya kushtua moyo. Hawa kwenye simu wanasema imewapotea hapahapa, na ambulensi bado iko mbali! Annelie anamkandamiza kifua, hajapumzika hata kidogo, lakini bila ile mashine..."

"Kifua cha nani?"

Joakim alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Kwani hakukuambia anakuja kwetu? Majvor, mzee. Alikuja kutuomba radhi kwa niaba yako."