Mche Mmoja wa Kijani

Haya alinisimulia mjukuu wangu Raudha, Ijumaa, tukichambua choroko.

Mwalimu wake wa chuo, Bi Tabu, alikuwa na mahindi yanayoota meupe kama karatasi, kisha yanakufa. Ndani ya jani, alimweleza Raudha, mna vijumba vinavyotengeneza ukijani, na kila kijumba kina maagizo yake. Protini fulani isipoyashika, maagizo hayasomeki. Mahindi yake hayakuwa nayo, basi akairudishia mbegu protini hiyo. Trei baada ya trei, meupe tu! Mara hii ukaota mche mmoja wa kijani.

"Hongera, Mwalimu!"

"Hongera ya nini? Huenda ni mbegu nzima, isiyo na kasoro, iliyojichanganya na zangu. Kupima, lazima niusage wote."

"Si uuache ukue kwanza?"

"Ukifa kwa ukungu kabla sijaupima, nitajuaje kilichouponya?"

"Na ukiusaga, tupike uji?"

Bi Tabu akasonya. Akashika mkasi, akauweka, akaushika tena.

Raudha akaenda kula. Aliporudi alimkuta mwalimu amelala, kichwa mezani, mkasi wazi mkononi, na ule mche umesimama katikati ya makali yake.