Mkono wa Kushoto

Kila alasiri Bahiya huwasha kamera na kuwapigia wasikilizaji wake jazi. Mkono wa kulia ni wake. Wa kushoto ni wa marehemu baba yake, kwani siku hizi piano huhifadhi upigaji wa waliokufa na kuurekebisha kufuata maneno inayoyasikia, na vibonyezo hushuka vyenyewe. Mama yake huja na chai ya marehemu, akaiweka juu ya piano.

Leo alisimama tu, kikombe mkononi.

"Mama, weka basi. Watu wanatazama."

"Baba yako alikuwa akichelewa mdundo. Nikimcheka, anazidi. Huyu hakosei hata kidogo."

Papo hapo, vibonyezo vya kushoto vikaanza kuchelewa.

"Zima, mwanangu," mama alisema. "Nimechoka kumpikia chai mtu nisiyemjua."