Bei ya Dole Gumba

Herlambang, afisa utumishi wa kiwanda cha plaiwudi, alikunjua jedwali la bei za viungo vya mwili mezani, akaliwekea sahani ya ndizi za kukaanga lisipeperushwe na feni. Mafuta yakaanza kuingia kwenye mchoro wa kiganja.

"Dole gumba la kulia, asilimia kumi na tano," alisema huku akitafuna. "La kushoto, kumi na mbili. Kidole cha shahada cha kulia, tisa. Cha kushoto, saba. Jumlisha, zidisha kwa mishahara ya miezi themanini. Wewe umepoteza vya kushoto, bwana Syahrani. Hesabu ya fidia yako nishaifunga."

Syahrani aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji. Mashine ya kumenya magogo ilikuwa imekula vidole hivyo viwili mpaka kwenye shina. Hata mwenye bucha, aliwaza, hatafuni huku anapima.

"Mimi nina mashoto," alisema. "Mwenye mashoto hugeuziwa jedwali. Cha kushoto kinahesabiwa kama cha kulia."

"Ni kweli, sheria ndivyo isemavyo," alisema afisa wa idara ya kazi, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa akiandika pembeni. "Lakini lazima awepo wa kuthibitisha."

"Kiwandani hakuna aliyewahi kuliona hilo," Herlambang alisema. "Nimewauliza wote."

Wote walikuwa wameliona. "Kaa mbali, Shoto anakata," walikuwa wakitaniana kila alipochukua panga. Lakini mikataba yao ilikuwa inakaribia kwisha, na wa kuiongeza alikuwa Herlambang.

Tofauti ilikuwa mishahara ya miezi minne. Kwa kiwanda, hiyo ilikuwa pesa ya chai. Kwa Syahrani ilikuwa injini ya mashua ya kuuzia mboga mtoni Barito, kazi pekee ambayo mkono mmoja na nusu ungeiweza.

Ndiyo maana alimleta mama yake, Mastura, kutoka kijijini. Njiani alimsihi, "Mama, useme ukweli tu. Najua ni aibu." Kwao mtoto wa mashoto alikuwa fedheha: mkono wa chooni huo, haugusi chakula wala haumpi mtu kitu. Mastura alifungua wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, wakala pamoja, Syahrani kwa mkono wa kulia, kama siku zote alipokula na mama yake.

Sasa Herlambang alimsogezea sahani. "Karibu ndizi, Mama. Eti kijana wako alizaliwa na mashoto?"

Mastura hakuigusa sahani. Alivuta ushungi, akatazama sakafu. Syahrani alifumba macho. Atakana, alijiambia.

"Ndiyo," alisema Mastura. "Alizaliwa hivyo. Nilimwona angali ananyonya."

Kalamu ya afisa wa idara ya kazi ilikimbia. Syahrani alishusha pumzi.

"Ukafanyaje, Mama?" aliuliza Herlambang.

"Niliufunga ule mkono kwa kitambaa. Nikaupaka pilipili. Siku moja niliuchapa kwa mwiko mpaka ukavimba. Majirani walisema nimezaa balaa. Usiku nililia kuliko yeye."

Herlambang alijipangusa vidole kwenye ukingo wa jedwali, taratibu, akamtazama yule mama kwa huruma.

"Pole sana. Kulea ni kazi. Na dawa yako, Mama, ilifaa?"

Syahrani alifungua kinywa, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuinua kichwa, uso umemng'aa kama wa bibi harusi.

"Ilifaa kabisa," alisema. "Tangu hajaanza shule, mwanangu hajashika kitu kwa mkono ule. Muulizeni mwenyewe. Huyu hajawahi kunidanganya."